Siku Tisini za Boni

Septemba 2015 serikali ya Kenya ilitangaza operesheni ya kuwafurusha wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka msitu wa Boni, kule Lamu inakopakana na Garissa na Somalia. Ikapewa jina Linda Boni, na tukaambiwa itachukua siku 90. Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa hesabu za serikali, mzaliwa wa Lamu anayekula mshahara wa Nairobi, na nilipozisikia hizo siku 90 nilifurahi hadi dada yangu akanishangaa. Alidhani nafurahia vita. Mimi nilifurahia tarehe. Ofisa wa serikali anayekuandikia atafanya nini na atamaliza lini amekurahisishia kazi: siku ikifika, unamwendea na karatasi yake mwenyewe mkononi.

Siku 90 ziliisha Desemba. Sikuona taarifa iliyowaeleza watu wa Lamu kilichofanyika, kilichobaki, na kwa nini muda haukutosha. Operesheni iliendelea tu. Mwaka ukapita, ikapita miwili, na baadaye jina likabadilishwa, ikawa Amani Boni. Mimi nikastaafu, operesheni haijastaafu.

Sisemi ilikuwa bure. Huenda imetuepusha na mengi. Ninachosema ni kwamba raia hana njia ya kujua, na anayeilipia ni yeye. Mkakati wa usalama usioandika mapema utapimwaje hauwezi kushindwa hata siku moja. Lakini kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kusema umefaulu.

Wengi hudhani mambo haya yako nje ya maswali ya mwananchi. Katiba ya 2010 inasema vingine. Ibara ya 238 inaeleza usalama wa taifa ni nini, na maelezo yake hayaishii kwenye mipaka ya nchi: yanataja watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani na ustawi. Kisha inauweka usalama huo chini ya mamlaka ya Katiba yenyewe na ya Bunge. Ibara ya 240 inaunda Baraza la Usalama wa Taifa, mwenyekiti wake akiwa Rais, na ndani yake wamo mkuu wa majeshi, mkuu wa ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Na humo ndani kuna kifungu kidogo ambacho ningekibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya chifu: Baraza litatoa ripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa Kenya.

Kwa kawaida ripoti hiyo huwasilishwa Rais anapokwenda kulihutubia Bunge. Kesho yake magazeti huandika hotuba, nani alipiga makofi na nani alinuna. Ripoti yenyewe huzungumzwa kidogo. Nami naona kasoro yake iko hata kabla ya kusomwa. Ripoti ya hali hukwambia mambo yakoje. Haimlazimishi mwenye kuiandika kusema mwaka uliopita aliahidi yaweje, ametumia kiasi gani, na kama hayakuwa hivyo, nani ataeleza. Kwenye ukaguzi tunayo kazi inayoitwa ukaguzi wa ufanisi. Hautafuti mwizi. Unaweza kukuta kila shilingi ina risiti yake, saini zote zipo, na bado kisima hakina maji. Wizara za maji, afya na barabara zimezoea kuulizwa hivyo. Kwenye usalama tunaridhika na risiti, pale tunapoonyeshwa hizo risiti.

Wanausalama wana hoja yao, na si nyepesi. Ofisa mmoja mstaafu niliyekuwa nikikutana naye kwenye mafunzo aliwahi kuniuliza, "Bi mkaguzi, bomu ambalo halikulipuka utaliandika safu gani?" Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani liko. Tuseme mwaka mzima unapita Lamu bila shambulio. Inawezekana mkakati umefanya kazi. Inawezekana pia adui yuko na shughuli zake ndani ya Somalia na hana haja nasi kwa sasa. Au amehamia Mandera. Maelezo matatu tofauti, na yote yanakupa tarakimu moja: sifuri. Ndiyo maana sipendi mtu anaponiletea hesabu ya mashambulio peke yake, yakiwa yamepungua au yameongezeka, akaita hiyo tathmini.

Lakini yapo yanayopimika. La kwanza ni jinsi dola inavyojibu pale kinga inapopenywa. Chukua mikasa mitatu ambayo kila Mkenya anaikumbuka. Septemba 21, 2013, watu wenye silaha waliingia jengo la Westgate, Nairobi. Waliuawa watu 67. Maofisa walitwambia washambuliaji ni kumi hadi kumi na tano, na picha za kamera zikaja kuonyesha wanne. Kikosi cha polisi cha Recce na wanajeshi wa KDF waliingia bila amri moja inayoeleweka, wakafyatuliana risasi, kamanda wa polisi akafa, na shughuli ikaburuta siku nne. Aprili 2, 2015, alfajiri, ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa: watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Recce, ambao kambi yao iko upande wa Nairobi, walichukua saa nyingi kufika. Walipoingia jioni walimaliza kazi kwa muda mfupi, na hapo ndipo uchungu ulipozidi, maana kila mzazi alijiuliza wangefika asubuhi ingekuwaje. Kisha Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 na ofisi zilizo jirani, Nairobi tena. Waliuawa watu 21. Safari hii vikosi vilifika upesi, mwenye amri akajulikana, zaidi ya watu 700 wakatolewa wakiwa hai, na ndani ya saa 19 hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Hayo ni maendeleo, na mwenye haki apewe haki yake. Kati ya Westgate na Dusit kuna mtu, au watu, waliokaa chini wakajifunza. Ila sisi tunakisia walijifunza nini kwa kutazama televisheni. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi wa Westgate na tume hiyo haikuundwa. Kamati za Bunge ziliandika ripoti yao, na Machi 2014 Bunge la Taifa likaikataa kwa kuwa ilikuwa dhaifu. Likaikataa, likaishia hapo. Katika kazi yangu ripoti mbovu hurudishwa iandikwe upya. Haitupwi ili kusiwe na ripoti kabisa.

Nirudi Lamu, maana huko ndiko ninakojua bei ya vitu.

Watu wa bara wamesahau kwamba vita vya Kenya nchini Somalia vilianzia kwenye fukwe zetu. Septemba 2011 watu wenye bunduki walivamia hoteli moja Kiwayu, wakamuua Mwingereza na kumchukua mkewe. Wiki chache baadaye wakamteka mama wa Kifaransa kisiwani Manda, mgonjwa wa kutembea kwa kiti cha magurudumu, akafia mikononi mwao. Katikati ya Oktoba KDF wakavuka mpaka, operesheni Linda Nchi. Ibara ileile ya 240 inataka Bunge liidhinishe kabla majeshi hayajapelekwa nje. Wanajeshi walivuka kwanza, idhini ikazungumzwa baadaye, walipokuwa wakijiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Lengo, tuliambiwa, ni kulinda mpaka na utalii wa pwani. Basi hilo ni lengo linalopimika, nami nalipima: Juni 15, 2014, karibu miaka mitatu baada ya kuvuka, Mpeketoni iliwaka moto usiku watu wakitazama Kombe la Dunia, na usiku uliofuata wakafuata wa Poromoko. Waliuawa watu zaidi ya 60. Al-Shabaab walisema ni wao, Rais akasema ni mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Nchi ambayo haijakubaliana nani ameipiga itaandikaje mkakati wa kujikinga? Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ilipochunguza utendaji wa polisi kule ilieleza operesheni iliyokosa uratibu na mfumo wa amri unaoeleweka. Ripoti hiyo iliwekwa hadharani, na nawasifu kwa hilo.

Baada ya Mpeketoni ilikuja kafyu, kuanzia jioni hadi asubuhi, ikiongezwa mara kwa mara. Kulikuwa pia na katazo la kuvua usiku, ambalo liliendelea hata baada ya kafyu kuondoka. Nilimuuliza ami yangu, mvuvi wa tangu utotoni, aonavyo yeye kama usalama umepatikana. Alikuwa akirekebisha nyavu barazani, hakuinua kichwa.

"Mwanangu, kuna samaki wa mchana na kuna samaki wa usiku. Samaki wa usiku serikali imemlinda barabara."

Nilipocheka akaniangalia kwa hasira kidogo, kwa kuwa yeye hakuwa akifanya mzaha. Ami hakulipinga katazo. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ni nani aliyefanya hesabu. Je, kuna mtu aliyekaa akasema boti kadhaa za maadui zimezuiwa, kwa gharama ya mapato kadhaa ya wavuvi, na kwamba biashara hiyo inalipa? Au amri ilitoka, ikasahaulika na mwenye kuitoa, ikabaki na wenye kuitii? Nadhani sote tunajua jibu. Amri za dharura zina tabia hiyo.

Pana mahali pengine ningempeleka yeyote anayetaka kupima Linda Boni: wadi ya Basuba, kwa Waboni wenyewe, wanaojiita Waaweer, watu wa msitu uliotupa jina la operesheni. Wana shule tano za msingi, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe. Zilifungwa 2014 kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na tangu hapo historia yake ni ya kufunguliwa na kufungwa, mwalimu anakuja, kisha bomu linalipuka barabarani, mwalimu anaondoka. Zahanati nazo zilipatwa na hayohayo. Mtoto aliyekuwa aanze darasa la kwanza mwaka ule sasa ni kijana wa kuoa.

Sasa linganisha daftari mbili. Ya kwanza ni ya vikosi: kambi zilizovunjwa, bunduki zilizokamatwa, wapiganaji waliouawa, kilomita zilizopigwa doria. Hizo zote ni kazi zilizofanyika, na wapo vijana wetu waliozifanya kwa damu yao, maana mabomu ya kutegwa kwenye njia za Boni yamewaua polisi na wanajeshi wengi. Daftari ya pili ni ya wakazi. Shule imefunguliwa siku ngapi mwaka huu? Basi la kutoka Mombasa linafika Mokowe bila eskoti ya polisi? Mkulima wa kijiji cha Pandanguo amelala kwake, au amekimbilia kanisani mjini? Daftari ya kwanza inaweza kujaa sana na ya pili isisogee. Julai 2017, karibu miaka miwili baada ya kutangazwa zile siku 90, Katibu wa wizara ya serikali, marehemu Mariam El Maawy, alishambuliwa akiwa safarini eneo la Milihoi. Aliokolewa siku ileile akiwa na majeraha, akafariki Septemba. Kama Katibu mwenye walinzi alifikiwa kwenye barabara ya Lamu, muuza maembe alikuwa na kinga gani? Juni 2023 vijiji vya Juhudi na Salama vilivamiwa, wanaume watano wakauawa. Daftari ya pili ndiyo inayosema kama mkakati unafanya kazi, na ndiyo isiyopelekwa Bungeni.

Nitatoa mfano ambao huwaudhi baadhi ya wazalendo wenzangu. Alfajiri ya Januari 5, 2020, Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda, penye Wamarekani, ndani ya eneo la kituo cha Jeshi la Wanamaji la Kenya. Walikufa Wamarekani watatu, mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi, na ndege zikateketezwa. Kamandi yao ya Afrika ikafanya uchunguzi. Waziri wao wa ulinzi hakuridhika, akaagiza mapitio mengine yaongozwe na Jenerali Paul Funk kutoka nje ya kamandi hiyo. Machi 2022 matokeo yakatolewa kwa umma. Sehemu nyingine zimefutwa kwa wino mweusi, lakini yaliyobaki yanasomeka: tishio halikueleweka vya kutosha, walinzi hawakuandaliwa ipasavyo, mfumo wa nani anamwamuru nani ulikuwa na matatizo. Ilisemwa pia kwamba hakuna mtu mmoja wa kubebeshwa lawama yote, jambo ambalo familia za marehemu zinaweza kulipokea zitakavyo.

Wamarekani si malaika. Wana yao mengi ambayo hawajayaeleza, hasa kule Somalia wanakorusha makombora kutoka angani. Lakini shambulio moja, lililotokea ng'ambo ya kijito kutoka nyumbani kwetu, limeacha waraka Washington ambao naweza kuusoma nikiwa barazani kwetu, na sijaona waraka wa umma wa serikali yangu wa kuweka pembeni yake. Na Januari 15, 2016, kambi ya KDF ya El Adde nchini Somalia ilivamiwa. Ni msiba mkubwa kuliko wowote uliowahi kulipata jeshi letu, na hadi leo serikali haijatoa hadharani hesabu kamili ya waliokufa. Sidhani hesabu hiyo ingemfaidi adui, yeye alikuwapo. Aliyefichwa ni mzazi wa Kitui na mjane wa Eldoret, na mbunge anayepiga kura ya bajeti.

Hapa nikiulizwa kuhusu siri, husema hivi: njia atakayopita mwanajeshi kesho ni siri, na atakayeitangaza ashtakiwe. Matokeo ya operesheni ya miaka kumi si siri. Kati ya hayo mawili kuna eneo la ugomvi, nalikubali, lakini eneo hilo ni dogo kuliko tunavyoambiwa. Nami nina sababu ya kushuku. Kizazi changu cha wakaguzi kililelewa na kashfa ya Anglo Leasing. Serikali ilitaka mfumo mpya wa pasipoti. Kampuni ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya euro milioni 6. Kandarasi ikaenda kwa Anglo Leasing kwa euro milioni 30, na kampuni yenyewe ilipotafutwa ikawa haipo. Ilipochimbwa zaidi zikatokea kandarasi 18, karibu zote za usalama, za takriban dola milioni 770. John Githongo, Katibu aliyekuwa na jukumu la maadili katika Ofisi ya Rais, alijiuzulu 2005 akiwa London. Kilichoruhusu mambo hayo ni neno moja kwenye jalada, "usalama". Likiandikwa hilo, zabuni haitangazwi na anayeuliza anaonekana msaliti. Miongoni mwa kandarasi hizo ilikuwamo ya maabara ya kisayansi ya kuchunguza uhalifu. Polisi walikuja kupata maabara kamili ya namna hiyo Juni 2022. Hesabu mwenyewe kesi ngapi zilianguka mahakamani kwa kukosa ushahidi katika miaka hiyo ya kati.

Wasomaji wanaofuatilia siasa watauliza: je, hatuna vyombo vya kuuliza maswali haya? Tunavyo, na vingine hufanya kazi vizuri kuliko tunavyovisifu. Desemba 2014 sheria ya usalama ilipitishwa Bungeni katikati ya vurugu, wabunge wakimwagiana maji. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vyake vinane, kikiwamo cha kubana vyombo vya habari na cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Baada ya Garissa, mashirika ya haki ya MUHURI na Haki Africa ya hapa Pwani yaliwekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Mahakama ya Mombasa haikuona ushahidi wa madai hayo. Nalitaja hilo kwa sababu mashirika hayo ndiyo yaliyokuwa yakiandika majina ya vijana waliochukuliwa wasirudi. Kwa lugha ya kazi yangu, yalikuwa wakaguzi wa nje. Ukifunga akaunti ya mkaguzi, hesabu zako zitaonekana safi.

Mwaka 2016 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kukabiliana na itikadi kali, wenye nguzo tisa, elimu, dini, vyombo vya habari na nyinginezo. Kaunti zikaandika mipango yake: Kwale ilitangulia 2017, Mombasa na Lamu nazo zikaandika. Niliusoma wa kwetu kwa kalamu nyekundu, tabia haiondoki. Mawazo mazuri yamo. Lakini nguzo nyingi hupimwa kwa semina zilizofanyika na vijana waliohudhuria. Kijana mmoja wa mtaani kwetu amehudhuria semina za kutosha za kutojiunga na Al-Shabaab, na mara zote, aliniambia, hakuwa na nia ya kujiunga. Alikwenda kwa ajili ya chakula na nauli. Yeye anahesabika kama mafanikio kila anapoketi. Wa kuhesabiwa ni yule ambaye hajaja, na kwake huyo hufiki kama mamake anaogopa kupiga ripoti polisi kwa kuhofia mwanawe atapotea. Hivyo kipimo kimoja cha kweli cha mkakati ule kingekuwa hiki: wazazi wangapi mwaka huu wameleta habari za watoto wao wenyewe, na watoto hao wako wapi sasa.

Kuna jaji aliyeuliza swali la mkaguzi waziwazi. Juni 25, 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia majengo ya Bunge, serikali ilitangaza kuwatoa wanajeshi barabarani. Ibara ya 241 inataka idhini ya Bunge la Taifa, nayo ikapatikana siku iliyofuata, tangazo likiwa limeshatoka. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi hakuwarudisha wanajeshi kambini. Aliona hali ilikuwa mbaya na polisi walihitaji msaada. Lakini aliipa serikali siku mbili ichapishe kwenye Gazeti Rasmi wanajeshi hao watafanya kazi wapi, kwa mipaka gani, na kwa muda gani.

Wapi, mipaka gani, muda gani. Hayo hayahitaji mahakama wala maandamano. Kamati za Bunge zina uwezo wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi, na kila mwaka, kabla ya Juni, wizara ya ulinzi na ya usalama wa ndani huketi mbele yao kuomba pesa. Fungu la ujasusi huja kama mstari mmoja, hilo sawa, waulizwe faraghani. Fungu la operesheni ya Boni lina matokeo yanayoonekana kwa macho, na maswali yake yanaweza kuulizwa mbele ya waandishi. Mwaka jana mliahidi shule ngapi za Basuba zitakuwa wazi, na zimekuwa wazi siku ngapi? Eskoti ya barabara ya Lamu hadi Garsen itaondolewa yakitimizwa masharti gani, nani anayapima? Amri zipi za dharura bado zinatumika Lamu, ziliwekwa lini, na nani alizipitia mara ya mwisho? Familia ngapi zilizohama zimerudi mashambani? Malalamiko mangapi yamefikishwa IPOA kutoka kaunti hii, na yameishia wapi?

Mbunge atakayeyauliza atajibiwa kwamba baadhi ya takwimu hizo hazikusanywi. Aandike jibu hilo kwenye kumbukumbu za kikao neno kwa neno, aweke tarehe, na mwaka unaofuata aanze nalo kabla ya kupitisha shilingi moja.